Mtungi wa Diễm Chini ya Ngazi

Diễm alirudi sokoni na kilo tatu za sấu, tunda dogo chachu la kijani, akavuta kigoda hadi mlangoni kabisa, pale ambapo kichochoro kizima kingemwona, akaanza kumenya. Angeweza kumenyea jikoni. Angeweza kupanda chumbani akajifungia. Hakutaka. Mwaka mzima alikuwa ameificha mikono yake kama mwizi, na mwaka mzima unamtosha mtu yeyote mwenye akili timamu.

Juni ilikuwa imeingia Hanoi na joto lake la kuudhi, lile linaloanza saa moja asubuhi na kukufuata mpaka kitandani. Kwenye barabara kubwa wachumaji walikuwa juu ya miti na ngoe zao ndefu, na matunda ya kijani yalidondoka kwenye nyavu chini. Sấu likiliwa bichi hutia meno ganzi. Lakini likikaa kwenye sukari na tangawizi wiki tatu, ukalitia kwenye glasi na barafu na maji, mtu anasahau kwamba alitoka nyumbani akitaka kugombana. Kila nyumba yenye jiko ilikuwa inamenya wiki ile. Kila nyumba, na kila mwanamke, isipokuwa Diễm, mpaka leo.

Maana nyumba ya mama mkwe wake, Mama Khuê, ilikuwa na amri moja iliyozidi zote za serikali: Diễm hagusi mtungi.

Watu wa huku husema kuna mwenye mkono wa baridi na kuna mwenye mkono wa moto. Wa baridi akipanda mche, unashika. Akilaza kuku, mayai yote yanaanguliwa. Akitia matunda kwenye sukari, shira inabaki angavu mpaka mwaka mpya. Wa moto, kila anachoshika kinaharibika. Hakuna anayekwenda kupimwa. Unasemwa mara moja tu, na jina linakuganda.

Mama Khuê alikuwa na mkono wa baridi kuliko wanawake wote wa kichochoro. Majirani walimletea mitungi yao awafungie vifuniko. Mtoto akizaliwa, aliitwa yeye amwogeshe maji ya kwanza. Naye hakuwahi kukataa, kwa sababu mtu akisifiwa miaka arobaini huanza kuamini kwamba sifa ni kiungo cha mwili wake.

Diễm, aliyeolewa kutoka Sa Đéc huko Kusini, alipewa mtungi wa kwanza mwaka alioingia. Alipewa na matunda: yale yaliyookotwa barabarani baada ya pikipiki kuyapitia. Yalitoa utando wiki ya pili. Mwaka uliofuata alipewa matunda mazuri, lakini mtungi ulikuwa umekaa samaki wa chumvi miezi sita, na harufu ilikuwa bado imo. Ukachacha. Mwaka wa tatu Diễm alikuwa na mimba ya miezi minne, anatapika asubuhi na jioni, wala hakumbuki alikausha mtungi au hakukausha. Ukachacha nao. Siku kumi baadaye mimba ikatoka.

Alikuwa bado amelala hospitali, macho kayafumba, aliposikia sauti ya Shangazi Bính, dada wa marehemu baba mkwe wake, nje ya pazia. "Mtungi umechacha, mimba imetoka," Shangazi alisema. "Mkono ni ule ule." Na hakuna mtu upande ule wa pazia aliyemjibu. Mama Khuê alikuwepo. Quyền, mume wake, alikuwepo. Wote walinyamaza, na ule unyamavu ndio uliomuuma Diễm kuliko maneno yenyewe.

Basi ndiyo maana alikuwa amekaa mlangoni.

Mama Khuê alishuka ngazi, akaona beseni, akaona kisu, akasimama.

"Hizo ni za nini?"

"Za kunywa, Mama."

"Za nyumba nzima nimeshanunua. Ziko jikoni."

"Hizi ni zangu."

"Zako." Mama Khuê alilirudisha neno lile kama mtu anayerudisha nyanya mbovu sokoni. "Na kumbukumbu ya kifo cha baba yenu ni wiki tatu zijazo. Unataka wageni wakute nyumba inanuka pombe?"

Upande wa pili wa kichochoro, kinyozi alizima mashine yake ili asikie vizuri. Mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa naye hakulalamika.

Diễm hakushusha sauti. "Ikinuka pombe, Mama, nitaimwaga mwenyewe kwenye mfereji ule pale, mbele ya watu, na sitagusa mtungi tena mpaka nizeeke. Lakini isiponuka, nataka habari ya mkono ife. Isitajwe tena ndani ya nyumba hii. Hata na Shangazi."

"Unaniwekea masharti mlangoni kwangu?"

"Ndiyo, Mama."

Mama Khuê hakuwa mwanamke mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mwanamke aliyezoea kutopingwa. "Haya," alisema mwishowe. "Yetu macho." Akaingia ndani. Kinyozi akawasha mashine.

Diễm aliendelea kumenya. Utomvu wa sấu ulimpaka vidole weusi usiotoka hata kwa sabuni, na yeye hakuvaa glavu. Alimenya maganda membamba, akachanja kila tunda mzunguko mmoja mpaka kokwa ikachungulia, akayaloweka kwenye maji ya chokaa yaliyotuama ili yasije yakalegea. Akasuuza mara tatu. Akayapitisha kwenye maji yanayochemka, kuyapitisha tu, akayatandaza kwenye ungo.

Mtungi aliununua mpya, wa kioo. Aliuchemsha, akaufudikiza juani kwenye kigoda tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kitambaa cha jikoni hakikuusogelea. Bibi yake huko Sa Đéc alikuwa akitia ndimu kwenye chumvi, mitungi ishirini kwa mwaka, na hakuwahi hata siku moja kutamka habari za mkono. Alizungumza juu ya maji machafu, jua na uvivu. Mtungi ukiharibika, bibi alisema umeharibika kwa sababu ya mojawapo ya hayo matatu, na mara nyingi ni uvivu.

Jioni, Diễm alipanga matunda na sukari tabaka kwa tabaka, akaponda tangawizi juu yake. Akauweka mtungi chini ya ngazi, nyuma ya pikipiki, ndani ya beseni la maji, akauzungushia kitambaa kibichi kama alivyofanya bibi. Palikuwa mahali penye ubaridi kuliko pote ndani ya nyumba. Palikuwa pia mahali ambapo kila anayeingia na kutoka alilazimika kuuona.

Quyền alirudi kutoka kazi yake ya kutengeneza viyoyozi vya watu, shati limemganda mgongoni. Aliuona mtungi, akakuna kichwa.

"Ungevumilia tu, Diễm. Wazee ndivyo walivyo."

"Nimevumilia. Sasa ni zamu yao."

Quyền aliutazama uso wa mke wake. Akaenda kuoga.

Kesho yake Mama Khuê alimaliza mitungi yake minne. Ilikuwa mizuri, hakuna wa kusema vinginevyo. Miaka yote mitungi ile ilikaa sakafuni nyuma ya jiko, kando ya tangi la maji, ambapo vigae vina ubaridi hata mwezi wa sita. Mwaka huu Mama Khuê alisimama akiitazama, akamtazama Diễm anayepita mara kumi kwa siku kwenda kuosha vyombo, akafanya uamuzi. Aliibeba mmoja mmoja mpaka ghorofa ya juu kabisa, chumba cha madhabahu ya wahenga, akaitia kwenye kabati la marehemu mumewe, Mzee Lưu, kabati la mti mzito lisilopitisha hata uzi. Akalifunga. Ufunguo akautia kwenye kamba, akauvaa shingoni.

Juu ya chumba kile hapakuwa na kitu kingine ila bati.

Diễm alimfuata nusu ya ngazi. Angeweza kunyamaza, na kuna watu wangenyamaza wakachekea tumboni. "Mama, huko juu kuna joto. Yatachemka."

"Joto liko mkononi kwako," Mama Khuê alisema bila kugeuka. "Huku juu kuna baba yenu. Atailinda."

Basi. Diễm alirudi zake jikoni, meno kayauma.

Na hakuna ambaye angejua mapema kama mitungi ile imeharibika, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mzee Lưu alipenda sấu kuliko chai. Tangu afe, glasi ya kwanza ya kila mwaka ilikuwa yake, siku ya kumbukumbu, juu ya madhabahu. Na kabla hajanywa yeye, hakuna mtu aliyefungua kifuniko wala kulamba kijiko. Diễm aliishika desturi ile kama wengine. Ila siku ya nne, siku pekee ambayo kazi yenyewe inaruhusu kifuniko kufunguliwa, alimwaga shira, akaichemsha na tangawizi, akangoja ipoe kabisa mpaka mkono usisikie joto lolote, akairudisha. Hakuionja. Hata kidole hakulamba.

Kila asubuhi alichuchumaa chini ya ngazi, akasogeza kitambaa akatazama. Siku ya kumi na moja aliona povu dogo limejishika kwenye tunda moja, kubwa kama kichwa cha pini. Alikaa pale sakafuni mpaka magoti yakafa ganzi, akingoja povu la pili. Na pale sakafuni, peke yake, alikiri moyoni jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: alikuwa anaogopa kwamba Shangazi Bính alisema kweli. Mwaka mzima alikuwa amebisha kwa mdomo, na mwaka mzima aliosha mikono yake kwa nguvu kuliko inavyohitaji. Povu halikuongezeka. Adhuhuri lilikuwa limetoweka, hewa tu iliyonaswa, na Diễm alijikasirikia nusu ya siku.

Wiki ile Thục, wifi yake, alikuja kukaa kwa mama yake akingoja kujifungua. Alikuwa na miezi saba, miguu imevimba, na hamu ya kitu chachu ilikuwa inamtesa. Mama Khuê alimwambia siku ya kwanza, na Diễm yuko chumba cha pili anasikia: asimwache wifi yake amguse tumbo. Si kwa ubaya. Kwa tahadhari tu.

Mchana mmoja, wengine wamelala, Thục alishuka ngazi taratibu, akakaa kwenye kidato cha mwisho, macho kwenye mtungi.

"Wifi, hata tone?"

"Baba hajanywa."

"Naota hiki kitu, wifi. Naamka mate yanatoka." Thục alicheka. "Mimi siamini yale maneno, ujue. Sema tu Mama…"

Diễm alikuwa anakamua kitambaa. Hakumtazama. "Unaniamini hapa ngazini. Tukiwa mezani, mbele ya watu, hunijui."

Thục akajisukuma akasimama, akapanda. Diễm alijuta kidogo, kisha akaona hana sababu ya kujuta, maana alichosema kilikuwa kweli tupu.

Siku ya kumbukumbu ilikuwa ya moto kuliko zote. Redio ilitaja digrii thelathini na tisa na watu wakasema redio inapunguza. Kuanzia alfajiri Diễm alichemsha kuku, akapika wali wa kunata, akakata barafu. Saa nne ndugu walianza kufika, mmoja mmoja, kila mmoja akivua viatu na kuuliza maji. Shangazi Bính alifika wa mwisho, kama alivyo siku zote, na upepeo wake mkononi. Alipopita chini ya ngazi aliuona mtungi, akauzunguka kana kwamba unauma.

"Hicho nacho?"

"Sấu, Shangazi. Karibu," alisema Diễm.

Shangazi alibenua mdomo, akapanda juu.

Wageni walikusanyika ghorofa ya pili, kwenye mikeka, feni zote zinazunguka na hakuna inayosaidia. Mama Khuê aliinuka, akashika ufunguo wake shingoni, akaenda ghorofa ya juu kuleta mtungi wa mzee. Diễm alimfuata nyuma na sinia la glasi.

Alisikia kabla hajaona. Mlio mdogo, *pwa*, kama mtu anayezibua chupa. Kisha harufu ikamjia, na harufu ile haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kupita karibu na wanywaji.

Mama Khuê alikuwa amesimama mbele ya kabati wazi, miguu yake imo kwenye shira. Kifuniko cha mtungi wa kwanza kilikuwa kimeruka chenyewe. Povu la rangi ya kahawia lilikuwa linateremka kwenye mbao za mzee. Wa pili ulikuwa na utando mzito juu. Wa tatu na wa nne ilikuwa imevimba vifuniko. Mle kabatini joto lilitoka kama la tanuri la mikate.

"Funga mlango," alisema Mama Khuê.

Diễm alifunga.

"Wako ukoje?"

"Sijaufungua tangu siku ya nne. Baba hajanywa."

"Kwa macho."

"Angavu."

Mama Khuê alikalia ukingo wa kiti. Alionekana mdogo ghafla, na mikono yake ile mashuhuri ilikuwa imelala mapajani, viganja juu. "Ulete," alisema kwa sauti ya chini. "Upandishe kwa ngazi za nyuma. Nitamimina mimi, tutasema ni wangu. Ukimjua Bính unanielewa. Miaka arobaini watu wananiletea watoto wao, Diễm. Miaka arobaini."

Diễm alimhurumia. Alimhurumia kwelikweli, na hasira yake haikupungua hata chembe. Vyote viwili vilikaa ndani yake pamoja, kila kimoja na nafasi yake.

"Mtungi nautoa, Mama. Baba hatakosa glasi yake. Lakini namimina mimi. Na mtu akiuliza ni wa nani, nitasema."

"Utaniaibisha mbele ya watu."

"La kabati sitalisema. Hilo ni lako, sitalitoa mdomoni hata nikifa. Langu ndilo nitakalolisema." Diễm alishika sinia kwa mikono miwili. "Mlinisema mbele ya watu, Mama. Nyuma ya pazia hospitali, watu wazima watatu, na wewe ukiwemo. Hukusema neno."

Mama Khuê aligeuza viganja vyake chini. Diễm akashuka na sinia lake, akaliacha mkekani katikati ya wageni, kando ya barafu na maji, akaendelea mpaka chini kwa ngazi za mbele, akarudi amekumbatia mtungi unaochuruzika maji. Aliuweka katikati ya mkeka, akapiga goti, akashika kifuniko.

Kilifunguka kimya. Hakuna mlio, hakuna povu. Ilipanda harufu ya tangawizi na ya majani mabichi, na shira ilikuwa ya dhahabu, unaona tunda la chini kabisa pamoja na mchanjo wake.

Alitia matunda mawili kwenye glasi, shira vijiko vitatu, barafu, maji. Mama Khuê alikuwa ameshuka na amesimama kwenye fremu ya mlango, miguu bado inanata. Diễm alimpita na glasi kwa mikono miwili, akapanda chumba cha madhabahu, akaiweka mbele ya picha ya Mzee Lưu kando ya udi. Mzee alikuwa anatabasamu kama kawaida yake. Diễm aliposhuka, Shangazi Bính alikuwa ameshaacha kujipepea.

"Wifi," Shangazi alimwambia Mama Khuê, "tangu lini kaka yangu anamiminiwa na huyu?"

"Tangu leo, Shangazi," alisema Diễm. "Mtungi ni wangu. Nimemenya mimi, kwa mikono hii."

"Mikono hiyo tunaijua."

"Hamuijui. Mnaisema tu." Diễm alikaa, akaanza kujaza glasi za wageni, na mikono yenyewe ilikuwa imetulia. "Mwanangu alikufa kwa sababu alikufa. Daktari aliandika karatasi nzima na hakuandika mkono popote. Nimelala pale nasikia, Shangazi. Nilikuwa macho."

Upepeo wa Shangazi ulibaki hewani. Quyền, aliyekaa karibu na dirisha, aliinamisha kichwa, kisha akakiinua na kusema, kwa kuchelewa mwaka mzima, "Ni kweli, Shangazi. Lilikuwa neno baya." Diễm aliyasikia maneno yake na hakumshukuru. Mengine yatangoja.

"Mimi sinywi," alisema Shangazi Bính.

"Usinywe. Maji ya bomba yapo."

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko. Shangazi akamgeukia Mama Khuê. "Unamsikia, wifi? Uko wapi mtungi wako? Lete tunywe tuondoke."

Watu wote walimtazama Mama Khuê. Diễm naye alimtazama. Alikuwa ameahidi na angetimiza ahadi. Lolote ambalo mama yule angesema, la joto, la paka, la kifuniko kibovu, Diễm angelinyamazia.

"Yangu imechacha," alisema Mama Khuê.

"Imechacha? Mmoja?"

"Yote minne."

Shangazi alijivuta mbele, macho yanang'aa. "Si nilisema. Nani aliigusa?"

Mama Khuê alivua kamba shingoni, polepole, akaweka ufunguo kwenye mkeka mbele ya wifi yake. "Niliifungia juu, chini ya bati, huyu asiikaribie. Aliniambia kuna joto, nikamjibu ovyo. Ufunguo haujatoka shingoni mwangu wiki tatu, hata bafuni. Haya, niambie wewe, Bính. Nani aliigusa?"

Feni zilizunguka. Mama Khuê alikaa chini, akavuta glasi iliyo karibu, akanywa mpaka barafu ikagonga meno yake. Aliiweka chini, akaisukuma kwa Diễm kwa kidole.

"Ongeza tangawizi mwakani," alisema. Kisha, "Nilikuwa pale paziani, ndiyo. Nilipaswa kusema neno."

"Ulipaswa, Mama," alisema Diễm. Hakumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Akamjazia glasi.

Thục alikuwa amekaa kati ya mashangazi wawili, tumbo limeinuka chini ya gauni. Alinyoosha mkono juu ya sahani za watu. "Wifi, mimi pia. Nyingi."

"Thục," Shangazi Bính alionya.

"Nina kiu, Shangazi."

Alikunywa kama mtu aliyetoka jangwani, bila kupumua, macho yamefumba. Alipomaliza alitulia, kisha akashika ubavu. "Aa," alisema. "Ameamka. Baridi imemwamsha." Gauni lilisogea upande mmoja na kila mtu aliona. Mashangazi wawili walinyoosha mikono, lakini Thục aliisukuma kando, yote miwili, akageuka. "Wifi. Lete mkono."

Mikono ya Diễm ilikuwa inadondosha maji ya barafu, na weusi wa sấu ulikuwa bado haujaisha pembeni ya kucha. Hakuipangusa. Hakumtazama Mama Khuê kuomba ruhusa, wala Shangazi Bính kuona anasema nini. Alitambaa kwa magoti hatua tatu juu ya mkeka na kuweka viganja vyote viwili, na mtoto akapiga teke katikati ya kiganja cha kulia, teke la nguvu, la mwenye afya, kisha jingine.

Diễm alilia. Hakujificha, wala hakuinamisha uso. Alilia huku anacheka, viganja viko palepale, na mwaka mzima wa kuosha mikono ukamtoka. Alikaa hivyo mpaka mtoto akatulia mwenyewe.

Kisha alirudi kwenye mtungi, akatia matunda mawili, shira vijiko vitatu, barafu na maji, akaiweka glasi mbele ya Shangazi Bính. Anywe, asinywe, barafu iyeyuke, hilo lilikuwa shauri lake.